Mama Ameshasomesha Dua kwa Matokeo Niliyoyatunga

Mwalimu, assalamu alaikum, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne katika skuli moja ya Wete, Pemba. Kwetu ni kijiji kimoja cha wilaya ya Micheweni, lakini tangu kidato cha kwanza nakaa Wete mjini kwa mjomba wangu ili niwe karibu na skuli. Baba ni mvuvi, na sehemu kubwa ya mwaka huwa dago, kwenye kambi za wavuvi, mara Tanga, mara Mombasa. Mama analima mwani, na msimu wa karafuu ukifika huenda kuchambua kwa ujira. Mimi ni mtoto wa pili. Kaka yangu alipata divisheni ziro miaka mitatu iliyopita akahamia Dar es Salaam, na tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani kwetu ila kwa kutolewa mfano mbaya.

Mwezi wa nane tulifanya mtihani wa majaribio, ambao sisi tunauita moki. Matokeo yalisomwa mbele ya darasa zima, jina baada ya jina. Nilipata divisheni ya nne, pointi 29, na hisabati na fizikia nimepata F. Jioni ile mama alinipigia simu kuuliza. Nilisikia sauti za wanawake wengine karibu yake, nadhani walikuwa wakichambua karafuu. Nikamwambia, "Divisheni ya pili, mama." Mpaka leo sijui neno lile lilitoka wapi. Akapiga kigelegele pale pale kwenye simu.

Ijumaa iliyofuata alisomesha dua ya shukrani, akapika wali na kuwaita majirani. Ami yangu aliyeko Muscat ameambiwa, amenitumia simu mpya, na ameahidi kunisomesha kidato cha tano Unguja kwa gharama zake. Baba alipiga simu kutoka Tanga, yeye ambaye hapigi simu, akasema neno moja tu: "Umenipa uso."

Tangu siku hiyo silali. Nasoma mpaka saa nane za usiku, lakini macho yanapita juu ya maandishi na hakuna kinachoingia, kisha saa kumi na moja naamka kwa sala ya alfajiri. Ili nisisinzie nakunywa makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu kila usiku. Wiki tatu zilizopita tulipewa jaribio la kemia, na nilipoigeuza karatasi moyo ulianza kunienda mbio, kijasho chembamba kikanitoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haitoshi, nikaamini kuwa nakufa. Nilitolewa nje. Wengine walicheka, wengine wakasema nimepandisha jini. Bibi alipopata habari alisema ni kijicho cha watu, akanipeleka kusomewa na nikanywa kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa, kwa siku saba. Siku mbili za mwanzo nilipata nafuu, kisha hali ikarudi, na imenitokea tena mara mbili.

Jumamosi huwa nakwenda kijijini kumsaidia mama kuchuma, na wiki iliyopita nilipata kizunguzungu nikiwa juu ya mkarafuu. Chakula hakipiti. Mkaza mjomba ameniuliza mara mbili kwa nini sahani yangu inarudi jikoni kama ilivyokwenda, nikamwambia nina vidonda vya tumbo. Nikifungua simu, kundi la darasa limejaa wenzangu wakitumiana majibu ya mitihani iliyopita, na kila nikiangalia najiona niko nyuma zaidi. Kuna nyakati natamani nilale nisiamke, si kwa kuwa nataka kufa, ila nataka kupumzika na uso wa mama yangu.

Naomba uniambie: nimerogwa, nimeingiwa na wazimu, au hii ni adhabu ya uongo wangu? Na nifanye nini mpaka mtihani wa taifa wa Novemba? Nakuomba sana usinishauri nimwambie mama, hilo siliwezi.

Mwenye Siri, Wete.

—

Waalaikumu ssalamu, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale, kwenye maneno uliyoyaweka karibu na mwisho, kama mtu anayeacha kitu ukumbini akitumai hakuna atakayekiona. Umesema unatamani ulale usiamke, kisha ukaharakisha kueleza kuwa hutaki kufa. Nakuamini, lakini kabla sijagusa mtihani wala uongo nataka nikuulize waziwazi: umewahi kufikiri kujidhuru, au kupanga namna ya kufanya hivyo? Watu wengi huliogopa swali hili wakidhani kulitaja ni kulipanda kichwani mwa kijana, ilhali wanaotibu hali hizi wameona kinyume chake, kwamba anayeulizwa hupata mahali pa kuanzia kusema. Ikiwa jibu lako ni ndiyo, hata nusu ya ndiyo, basi yote niliyoandika hapa chini yasubiri. Usiku wa leo usilale peke yako. Mwamshe mjomba wako, umwambie kwamba huna usalama na nafsi yako, na mwende hospitali ya Wete saa yoyote itakayokuwa. Ipo pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, inayopigwa bila malipo Tanzania Bara na Zanzibar. Kwa kuwa hujatimiza miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inakuhesabu wewe kuwa mtoto, ingawa najua kijana anayepanda mkarafuu hapendi kuitwa hivyo.

Sasa nije kwenye maswali yako. Katika hayo matatu uliyonipa nichague, mimi sichagui hata moja.

Kilichokupata siku ya jaribio la kemia kina maelezo yake, na wala si maelezo ya ajabu. Mwili umeumbwa na namna yake ya kujihami: ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga kichocheo kiitwacho adrenalini, moyo ukaenda mbio ili kuipeleka damu kwenye misuli, jasho likatoka, pumzi zikaharakika, yote hayo ili mtu aweze kukimbia au kupambana. Mbele ya nyoka njiani, hiyo ni rehema. Mbele ya karatasi ya kemia hakuna pa kukimbilia, na nguvu ile yote inakurudia wewe mwenyewe. Ukipumua haraka kupita kiasi unatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na hilo ndilo linaloleta ganzi vidoleni na kichwa kuzunguka, kisha ganzi yenyewe inakutia hofu zaidi, na hofu inazidisha pumzi. Wazee wetu wana neno zuri la hali hii, wahaka, nao waganga wa hospitali huliita pigo la namna yako shambulio la hofu. Kwa kawaida hufikia kilele chake ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Anayepatwa nalo huamini anakufa, lakini lenyewe haliui.

Likija tena, usishindane nalo na wala usikimbie. Kaa, weka nyayo zote mbili chini, vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu mpaka nne, kisha itoe polepole kwa mdomo ukihesabu mpaka sita, na uendelee hivyo kwa dakika tano. Siri iko kwenye ile sita: pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko inavyoingia ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Fanya mazoezi hayo kila siku baada ya sala ya alasiri ukiwa huna taabu yoyote, maana jambo lisilozoeleka wakati wa utulivu halikumbukwi wakati wa hofu.

Na makopo yale, mwanangu, yaache. Kinachokukesha ndani yake ni kafeini, na kafeini ina tabia ya kuuchochea moyo na kutetemesha mikono hata kwa mtu asiye na hofu yoyote. Baada ya saa tano hivi, takriban nusu ya ile uliyokunywa bado inazunguka mwilini. Kwa hiyo kopo unalolimaliza saa sita za usiku linakuamsha usisinzie, linakunyima usingizi unapoutaka, na asubuhi linakukabidhi kwa mtihani ukiwa na moyo ambao tayari umeshapandishwa kasi. Umekuwa ukilipa fedha ili kununua nusu ya ugonjwa wako. Usiyakate kwa siku moja, kichwa kitakugonga. Kunywa kopo moja tu kila siku kwa muda wa siku nne, kisha nusu, kisha basi.

Usingizi nao una hesabu yake. Kijana wa umri wako anahitaji kati ya saa nane na kumi, na wewe unalala saa tatu. Tena umri huo mwili wenyewe huchelewa kuusikia usingizi kuliko wa mtoto au wa mtu mzima, kwa hiyo wazee wanaokuita mvivu kwa sababu husinzii mapema wanakuonea. Lakini kilichosomwa mchana hupangwa na kukazwa ndani ya ubongo wakati mtu amelala. Anayekesha mpaka saa nane anajaza maji kwenye pakacha. Funga daftari saa nne na nusu, simu aiweke mjomba chumbani kwake, amka kwa alfajiri kama kawaida, na baada ya adhuhuri jinyooshe dakika ishirini tu. Hazitafika saa nane, najua, lakini zitakuwa mara mbili ya ulizonazo sasa.

Jambo moja nalisema kwa sauti kubwa zaidi: mpaka utakapokuwa umelala vizuri kwa wiki mbili mfululizo, usipande mkarafuu. Wewe umekulia Micheweni na hunihitaji mimi nikueleze jinsi tawi la mkarafuu linavyovunjika bila kuaga. Mtu mwenye kizunguzungu hana kazi huko juu. Kaa chini uchambue na mama, uzoeshe mkono kwenye makonyo, uanike jamvini. Akikuuliza, mwambie kichwa kinazunguka, kwani hilo ni kweli.

Umeuliza kuhusu jini na kijicho, na sitaki kulipita swali hilo kwa dharau, maana bibi yako alifanya alilolijua kwa mapenzi. Kusomewa Kur-ani hakujakudhuru, na ule utulivu wa siku mbili ulikuwa wa kweli: ulikaa mahali penye ukimya, mtu mzima akakuwekea mkono kichwani, hakuna aliyekuuliza pointi. Endelea kusomewa ukipenda. Ninachokataa ni kusomewa kuwe badala ya daktari, au familia yenye mapato ya mwani na karafuu ianze kuuza vitu kwa ajili ya waganga wa kulipwa, au mtu akufukizie moshi na kukupiga kwa madai ya kumtoa jini. Mtume ametufundisha kutafuta dawa. Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna aliyesema imani yake ilikuwa pungufu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, na akataka zote mbili zitibiwe. Hivyo asikuambie mtu kuwa kwenda kwa daktari wa akili ni jambo la Wazungu.

Na kwenda nataka uende. Madaktari hulitazama suala la muda: kukosa usingizi, kutopitisha chakula, kutoona raha na kutamani kutoweka, yakidumu kwa zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, hayahesabiwi tena kuwa ni mawazo ya kupita, bali huchunguzwa kama sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wewe umeshapita wiki hizo. Fika hospitali ya Wete, mweleze daktari mambo manne kwa utaratibu, yaani usingizi, chakula, lile shambulio la hofu, na ile kauli ya kutoamka. Usimwambie vidonda vya tumbo. Mwombe pia akupime damu, kwa sababu upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta moyo kwenda mbio na uchovu, na ni vyema kujua. Huenda akataka kuzungumza nawe mara kadhaa, huenda akakupeleka kwa mwenzake anayehusika na afya ya akili. Najua jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili iliyoko Unguja, watoto hulitumia kutukanana. Ni hospitali kama nyingine, na kwa hali yako sioni kwamba utavushwa bahari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa lenye wanafunzi 42, kwa hesabu hiyo, ni watu sita. Baadhi ya waliokucheka huenda wamo.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye uongo, ingawa ndio uliokuletea barua hii mkononi.

Ulidanganya, na mimi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini hebu tuutazame ulidanganya kuhusu nini. Usingemdanganya mama yako kwa pointi 29 tu. Katika nyumba yenu umeona mtoto aliyefeli akifutwa jina. Uliposikia sauti ya mama kwenye simu, na wanawake wale wakisikiliza, hukuwa unachagua kati ya divisheni ya nne na ya pili. Ulikuwa unachagua kati ya kubaki mwana wa nyumba ile na kufuatana na kaka yako. Mtoto yeyote angeogopa. Wazazi wanaosoma ukurasa huu nawaomba hapa wasimame kidogo, na walimu wanaosoma matokeo kwa sauti mbele ya darasa wasimame pamoja nao: aibu haijapata kumfundisha mtu hisabati, ila inafundisha kuficha, na inafundisha vizuri sana.

Mimi nilifundisha sekondari kwa miaka mingi, na nimeona hofu ya mtihani ya kila aina. Hofu hiyo peke yake ina vituo vya kupumzikia. Mwanafunzi hufunga kitabu, akacheza mpira, akala, akasahau mpaka kesho. Wewe huna kituo, kwa sababu kila pongezi ni swali jipya, kila simu ya ami ni deni jipya, na kile ulichotakiwa kukipata Novemba si tena ufaulu wako bali ni kuuthibitisha uongo. Unasomea mtihani mmoja na kuulinda mwingine. Ndiyo maana macho yanapita juu ya maandishi. Akili haijapungua, ina kazi mbili. Kwa hiyo ombi lako la mwisho, kwamba nisikushauri umwambie mama, nalikubali nusu: sikushauri uanze na mama.

Anza na mkaza mjomba.

Katika barua yako kuna watu wengi, mwanangu. Kuna mama, baba, ami, bibi, walimu, wanafunzi. Wote wamekuambia kitu: wamekupongeza, wamekuahidi, wamekucheka, wamekutafutia jini. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuuliza swali, tena ameuliza mara mbili, na ni yule anayeziona sahani zinavyorudi jikoni. Mwanamke anayeuliza mara ya pili baada ya kuambiwa vidonda vya tumbo hajayaamini maneno ya vidonda vya tumbo. Anasubiri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kawaida msemo huo ni wa kulalamikia wasiotuonea huruma, lakini una upande mwingine: mtu ambaye mzigo si wake anaweza kuubeba bila kutetemeka. Yeye si mama yako, hakusomesha dua, hana uso uliowekwa rehani kwa divisheni yako. Mfuate wakati yuko peke yake anakuna nazi, na kama maneno hayatoki, mpe barua hii aisome. Maneno yenyewe yanaweza kuwa machache: "Nilikudanganya, sina vidonda vya tumbo. Nilifeli moki, nikamwambia mama nimefaulu, na sasa naumwa."

Yeye ndiye atakayezungumza na mjomba, na mjomba ndiye atakayefikisha kwa dada yake. Kwetu sisi hiyo ndiyo kazi ya mjomba, na sioni aibu kwa kijana kumtumia. Wasifanye hivyo kwa simu. Wangoje siku za maji mafu, wakati mama hashughuliki na mwani, waende Micheweni pamoja nawe, na wamchukue chemba mbali na majirani. Sina ahadi ya kukupa kuhusu uso wake. Huenda akalia, huenda akakasirika kwa siku kadhaa, na dua aliyoisomesha itamuuma zaidi kuliko pointi. Wewe utakaa kimya, utaomba radhi mara moja kwa kituo, na hutajitetea. Lakini nakuomba upime: habari hii ataipata Septemba kutoka kwenye mdomo wako akiwa amekaa na kaka yake, au ataipata matokeo yakitoka, kutoka kwa jirani mwenye simu. Baba na ami wataambiwa na yeye au na mjomba, si kazi yako. Kuhusu ile simu mpya, mwambie mjomba umeandaa kuirudisha, kisha usishangae ami akikataa kuipokea.

Kwa upande wa mtihani nitasema machache, kwa sababu kichwa kilicholala kitafanya mengi chenyewe. Divisheni hupangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi moja na F pointi tano. Kutoka 29 mpaka 25, ambayo ni divisheni ya tatu, ni pointi nne, yaani masomo manne yakipanda daraja moja tu kila moja. Usizimalize wiki hizi nane ukipigana na fizikia. Yachukue yale masomo ambayo una D inayokaribia 45, alama inayoanzia C, uyape asubuhi zako, kwani nafasi ya kidato cha tano hutazama zaidi idadi ya masomo uliyopata C na kupanda juu. Toka kwenye kundi la darasa mpaka mtihani uishe, ubaki na mwenzako mmoja wa kusoma naye ana kwa ana. Ikiwa Novemba haitakwenda ulivyotaka, unaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na chuo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kiko hapo hapo Pemba, nacho kimewatoa mafundi ambao leo hakuna anayewauliza walipata divisheni gani.

Limebaki moja, na hili hukuniuliza. Kaka yako aliposoma jina lake kwenye ziro alikuwa na umri kama wako sasa, na aliondoka nyumbani bila mkaza mjomba wa kumuuliza juu ya sahani. Nadhani anazijua vizuri zile usiku zako za saa nane. Ukishazungumza jikoni, mtafute na yeye. Akipokea simu, anza kwa kumwita jina lake.